Bundi wa Karatasi

Nilipokuwa kidato cha tatu niliandika hadithi fupi iliyonipatia zawadi: madaftari makubwa matatu, kalamu mbili, na kupeana mkono na mgeni rasmi. Ilikuwa hadithi ya bibi kizee anayeishi peke yake kando ya maji. Usiku bundi anatua juu ya paa lake, analia mara tatu, na kulipokucha mtoto wa jirani amekufa. Mwalimu wangu wa Kiswahili aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nimetumia ishara vizuri sana. Nilitembea na karatasi ile mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Leo nataka kuihakiki hadithi ile. Najua haikuwa kazi kubwa, na nakala yake ya mwisho ililiwa na mchwa. Lakini naona bado inaandikwa. Kila mwaka naisoma mahali fulani, imeandikwa na watu wenye vipaji kunizidi, majina ya wahusika yamebadilishwa tu. Halafu kuna sababu ya pili: yule bibi kizee nilimjua. Ni mama yake mama yangu.

Kwa msomaji asiyekujua kwetu, Tandahimba iko juu ya Uwanda wa Makonde, jirani na Newala. Juu kule hakuna mto. Udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama yote, na kuyafuata maji ardhini ni safari ndefu. Ndiyo maana nyumba nyingi zina kisima cha saruji uani cha kukingia maji ya bati. Kisima kikikauka, unasubiri bomba la Mradi wa Maji Makonde, na bomba lisipotoa unanunua kwa ndoo. Ukisimama Newala pale wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaliona bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji.

Bibi aliishi huko chini. Mto ukifurika wakati wa masika unatawanyika bondeni, ukirudi unaacha mabwawa na vidimbwi vyenye kambare. Nyumba yake ilikuwa kwenye mwinuko mdogo, hatua kama hamsini kutoka bwawa moja la namna hiyo, na kati ya nyumba na maji palikuwa na jaruba lake la mpunga. Likizo zangu nilizimalizia pale. Mtoto wa juu, wa ndoo za kununua, ukishushwa mahali ambapo maji yamelala tu bure unaona kama umehamia nchi nyingine.

Na pale palikuwa na ndege. Bibi aliamka kabla ya jogoo, akakaa kibarazani na kikombe cha chai ya rangi, akatazama. Hakuwa na darubini wala orodha. Ndege wengine aliwaita kwa majina ya Kimakonde, wengine aliwapa majina ya kazi zao. Mnandi, yule mweusi anayezamia samaki kisha anasimama kwenye kisiki akiwa ametanua mabawa yakauke, alimwita Anika Nguo. Korongo yule ambaye mdomo wake haufungi vizuri katikati, mla konokono, alimwita Mzee Konokono. Mdiria mweusi na mweupe, anayesimama hewani akipiga mabawa pale pale halafu anajiachia majini kama jiwe, alimwita Fundi, kwa sababu, alisema, anapima kabla hajakata. Furukombe peke yake hakumtania. Akilia furukombe, Bibi alinyamaza mpaka amalize, kama mtu mzima anapozungumza.

Niliporudi likizo na zawadi yangu, mjomba ndiye aliyeisoma hadithi kwa sauti. Kwetu mjomba ana kauli, kwa sababu ukoo tunauhesabu upande wa mama, na mpwa akishinda kitu mjomba ndiye anayekitangaza. Majirani walikuwepo. Alisoma vizuri mno, alipofika kwenye mlio wa bundi akauigiza, watu wakacheka na kushika vifua. Mmoja wao akageuka akamtazama Bibi. Kumtazama tu.

Wote walipoondoka Bibi aliniita kibarazani. Nilidhani atanipongeza.

"Mjukuu wangu, huyo bundi wa kwenye karatasi yako," akasema, "anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Bibi, huyo ni ishara tu." Akaniuliza, "Ishara haili?"

Nimesoma nadharia nyingi za uhakiki baada ya hapo, nyingine zina majina marefu kuliko mto wenyewe. Hakuna iliyonifaa kama swali hilo. Nawapa na nyie mlijaribu: ukikutana na ndege ndani ya hadithi ya Kiswahili, muulize mwandishi anakula nini.

Wengi hawali chochote. Bundi wa riwaya zetu analia, basi. Anatokea ukurasa mmoja kabla ya msiba, anafanya kazi yake, haonekani tena. Katika filamu zetu nimekuwa nikisikia mlio ule ule mmoja mjini, kijijini, pwani na milimani, ukitangulia mchawi kama king'ora kinavyotangulia msafara. Njiwa anabeba salamu za mapenzi, hachoki wala hashikwi na kiu. Tausi anasifiwa kwa kujishaua. Kasuku anarudia maneno. Kunguru anaiba. Kila mmoja ana kibarua kimoja cha kudumu kwenye ofisi ya binadamu, na akimaliza zamu anazimwa kama taa.

Shule nazo zimechangia. Aliyesoma fasihi kwa ajili ya mtihani anaikumbuka orodha: bundi ni kifo, njiwa ni amani, giza ni matatizo, mvua ni neema. Tulikariri hivyo. Mwanafunzi aliyekariri anakua, anakuwa mwandishi, anapohitaji kifo anachukua bundi kwenye rafu. Mwandishi na msomaji wote wameshalijua jibu, kwa hiyo hakuna aliye na haja ya kutazama juu ya mti.

Naona tayari kuna msomaji anataka kunijibu: kwani imani ya bundi si mali yetu? Mwandishi aache utamaduni wake afuate vitabu vya Wazungu? Hapana, hapo tusipotezane. Imani ipo, na mwandishi anayeandika kijiji cha kwetu bila imani hiyo anadanganya. Shida yangu ni kwamba waliotuachia imani walikuwa watazamaji, na sisi tumechukua hukumu tukaacha ushahidi.

Chukua methali. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Aliyesema hivyo alimwona kunguru akiruka kabla jiwe halijaokotwa. "Kanga hazai ugenini." Huyo alifuga, au alijaribu kufuga. "Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu." Huyo alitega, akakosa mara nyingi, siku moja akapata kwa mtego aliouonea aibu. Kila methali hapo ina mtu aliyesimama mahali fulani akatazama. Sasa chukua hii inayopendwa kwenye hotuba: "Ndege wafananao huruka pamoja." Inafanana mno na methali ya Kiingereza, na sitashangaa kama ilitufikia darasani. Nilikaa kibarazani kwa Bibi asubuhi nyingi. Pembeni mwa maji yale yangeyange walisimama na korongo, kwarara akachokonoa tope katikati yao, mnandi juu ya kisiki. Midomo tofauti, na ndiyo maana waliweza kukaa pamoja: wa konokono hamwingilii wa kambare. Bwawa lile lilikuwa na methali nyingine kabisa, ila haijaandikwa.

Kamusi nazo zina lawama yao. Fungua kamusi zetu nyingi kwenye jina la ndege asiyefugwa, utaambiwa ni aina ya ndege, pengine na rangi yake, basi. Padri Mfaransa Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris mwaka 1939 na 1941, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na unaliona jicho hilo katika kazi yake, kwa jinsi anavyohangaika kulifikisha jina la Kiswahili mpaka kwa kiumbe chenyewe na jina lake la kisayansi. Inauma kidogo kuona anayetaka kujua babu yake alimaanisha ndege gani anapelekwa Paris. Mdiria, mnandi, kwarara, kurumbiza, tipitipi, ninga: ni Kiswahili safi, vijana wangapi wa leo wanaweza kunyoosha kidole na kusema ni huyu hapa?

Upande wa pili kuna kitabu kinachojibu swali la Bibi bila kusita. Ni mwongozo wa Terry Stevenson na John Fanshawe, Birds of East Africa, uliotoka mwaka 2002, wenye aina 1,388 za nchi tano: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Nilikinunua nikiwa mtu mzima, na usiku wa kwanza nilikwenda moja kwa moja kwa bundi. Humo, na katika maandishi mengine niliyofuatilia baadaye, ndimo nilimokutana na jirani wa Bibi.

Yupo bundi mvuvi. Ni mkubwa, rangi yake kama kutu, anaishi kwenye miti mikubwa kando ya mito yenye maji ya taratibu. Bundi wengine wana manyoya yenye kingo laini zinazomeza sauti ya mabawa ili panya asisikie. Huyu hahitaji. Samaki aliye ndani ya maji hasikii mabawa. Miguu yake haina manyoya, kwa sababu anaitumbukiza majini, na chini ya nyayo ana vijiba vya kushikia kitu kinachoteleza. Mlio wake ni mzito, kama mtu anayepuliza mdomo wa mtungi mtupu, unakwenda mbali. Ana na mwingine, kilio kirefu ambacho ukikisikia usiku hujui chake nywele zinasimama. Anataga yai moja au mawili, na hata yote mawili yakianguliwa, kwa kawaida kinda anayekua ni mmoja.

Nilikifunga kitabu. Bundi wangu wa kidato cha tatu aliua mtoto wa jirani. Bundi wa kweli alikuwa pale pale bwawani akimpoteza wa kwake, na mimi niliyelala hatua hamsini kutoka kwenye mti wake nilikuwa namwandika bila kumtazama.

Hata hivyo mwongozo huo nao una upungufu, na mhakiki hana budi kuusema. Ndege wa humo wanakula, wanazaa, wanahama, ila hawana jirani. Hakuna kibaraza. Hakuna anayemwogopa bundi wala anayemshukuru. Ni kazi ya aina yake, haikuahidi zaidi, na ninaiheshimu. Lakini ukiiweka mezani pembeni ya riwaya zetu, unapata huku ndege wasio na watu, huku watu wasio na ndege, na kitabu ambacho Bibi na bundi wangekaa ndani yake pamoja bado sijakiona.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanikera kuliko inavyostahili.

Mwaka mmoja na nusu baada ya zawadi yangu, wakati wa masika, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi alifariki kwa homa. Ni msimu wa maji, mbu wamejaa, zahanati mbali, barabara imekatika. Kila mtu bondeni alijua mambo hayo. Lakini bundi alikuwa amesikika, na Bibi alikuwa mjane, mzee, macho mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni. Tumesikia yaliyowapata vikongwe wa macho mekundu kule Kanda ya Ziwa, ambako wengine waliuawa. Kwetu hawakumgusa. Walikuja watu watano mchana kweupe, wakakaa kwenye mkeka, wakamwamkia kwa heshima zote, wakamwambia ingekuwa vizuri akahamia kwa wanawe. Mama alinisimulia baadaye kwamba mmoja wao alisema, "Hata mjukuu wako msomi aliliandika."

Sisemi hadithi yangu ndiyo iliyomfukuza. Hofu ile ilikuwepo kabla sijajua kushika kalamu. Nasema niliipa maneno, nikaipigia na muhuri wa shule. Siku walipohitaji ushahidi, ulikuwepo, tena ulishinda zawadi.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba ishara ni mapambo tu, kwamba bundi wa riwayani hamdhuru mtu, mimi nakaa kimya na kumkumbuka mama yangu akipandisha magodoro kwenye pikapu.

Bibi akahamia juu, Tandahimba, kwenye nyumba ya bati na kisima cha saruji. Nilidhani atakauka kama mnandi aliyesahauliwa kisikini. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule nilikuwepo. Joto limebana, mikorosho imesimama kimya, ndoo imepanda bei. Alfajiri, kwenye kichaka nyuma ya choo, tipitipi akaanza. Kama humjui kwa jina, unaijua sauti yake: milio inayoteremka haraka haraka, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Bibi akamwita mama, akamwambia asafishe mifereji ya bati na atoe majani kwenye mdomo wa kisima. Mama akasafisha. Mvua ilinyesha siku ya nne.

Hiyo nayo ni imani ya ndege, na ndiyo maana sikubali kwamba natetea vitabu vya Wazungu. Tipitipi huzaliana msimu wa mvua, na hewa inapoanza kubeba unyevu huzidisha kuimba. Watu wa mahali pasipo na maji waliisikia sauti ya maji kichakani, wakaisikiliza kwa vizazi, wakaoanisha na mawingu, wakapata ushauri: safisha mifereji. Mara nyingine tipitipi hukosea, na Bibi alilijua hilo pia, alikuwa akisema, "Leo anatania." Ndege anayeweza kukosea amesikilizwa kwa muda mrefu. Bundi wa hadithi zetu hajawahi kukosea hata mara moja.

Nilipomuuliza Bibi kuhusu bundi, alinijibu kana kwamba nimeuliza bei ya chumvi. Bondeni, alisema, bundi akilia mfululizo usiku ujue kambare wamesogea kwenye maji ya kina kifupi. Alikuwa akitega migono yake kwa kumsikiliza yeye. Ishara ilikuwepo, basi, na ilikuwa ya mboga.

Shaaban Robert alituwekea nchi nzima angani katika Kusadikika, mwaka 1951. Hakuna wa kutuambia kwamba fikra ya Kiswahili inaogopa kupanda juu. Ninachoomba kwa waandishi wenzangu ni kidogo: tukishafika huko, tuwatazame walioko tayari, wenye mabawa. Bundi abaki, akiwa na njaa kwanza. Mhusika amwogope akitaka, lakini mwandishi awe ameshajua kwamba yule anatafuta samaki. Hapo hofu ya mhusika itakuwa na uzito, kwa sababu msomaji ataona pengo kati ya anachoogopa mtu na anachofanya ndege, na ndani ya pengo hilo ndimo yanamotokea mambo ya kuandikwa riwaya, pamoja na ya watu watano kwenye mkeka.

Miezi michache iliyopita niliiandika upya hadithi yangu. Bibi kizee, bwawa, bundi, kifo cha mtoto, vyote vimo, ila bundi anavua. Niliituma mahali, ikarudi na swali la upole: bundi huyu anawakilisha nini? Nikajibu kwamba anakula kambare. Sijajibiwa tena.

Basi nikampelekea msomaji ninayemjali. Bibi sasa ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, hasomi wala haoni mbali. Nikamsomea kibarazani, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Nilipofika pale bundi anaporuka kutoka kwenye mwembe kwenda majini, akainua mkono.

"Si mwembe," akasema. "Mkuyu. Mwembe ulikuwa upande wa njia. Rekebisha."

Nimerekebisha.